Kutu Iliyosuguliwa

Nzau aliposhuka kwenye bodaboda pale Kalamba, alisikia kikohozi cha Mumbua kabla hajamwona. Akajua jiko la makaa limerudi kwenye banda la vifaranga.

"Fundi, karibu. Hita yako imekufa," Mumbua alisema akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Na mimi naifuata."

Nzau alikuwa ametoka Kitui alfajiri na mgongo ulimuuma. Hita hiyo aliifunga mwaka uliopita, baada ya daktari kumwambia Mumbua aachane na moshi. Haikuwa na mwali wa moto. Gesi ya samadi ilipita kwenye bamba la punje za zeolaiti, mawe meupe yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vitundu hivyo mlikuwa na chembe za madini ya paladi. Gesi ikigusa paladi iliungua polepole, ikatoa joto bila moshi. Adui alikuwa salfa iliyomo kwenye gesi hiyo. Huishika paladi na kuifunika, kama masizi kwenye kioo cha taa. Bamba la kwanza, la udongo, lilikufa upesi. Hili la zeolaiti Nzau alilisifu. "Hili linavumilia," aliwaambia Mumbua na mumewe.

"Ilianzaje?" aliuliza sasa.

"Harufu ya yai viza. Nikajua kuna kuku amelalia yai bovu mahali. Nimepekua viota vyote, nimemulika mayai kwa tochi, mengine mazima nimetupa kwa hasira. Harufu bado iko."

"Si yai, mama. Ni gesi inapita bila kuungua."

Mumbua akaketi juu ya debe. "Mayai yangu, jamani."

Nzau alifuata bomba hadi kwenye pipa dogo nje ya banda. Lilikuwa chujio. Alikuwa amelijaza vyuma chakavu vyenye kutu, kwa kuwa kutu ndiyo huinasa salfa kabla haijafika kwenye bamba. Akafungua kifuniko. Vyuma viling'aa kama vijiko vya harusi, vikanuka oili.

"Nani amevisafisha?"

"Ni mimi," alijibu Ndolo, mume wa Mumbua, bila wasiwasi. "Tulipomaliza palizi nilisugua plau na majembe nikayapaka oili, kama kila msimu. Nikaona na hivi vimeoza. Nikasema, fundi akija atatuona watu wachafu."

Nzau alitaka kukasirika. Lakini alijiuliza kama aliwahi kuwaeleza kutu ni ya nini, na hakukumbuka. Alikumbuka tu kusema kwamba bamba linavumilia.

"Litapona?" Mumbua aliuliza. "Niambie ukweli. Na hii baridi ya Julai, vifaranga wakikosa joto wanakufa. Wakipewa makaa, nakufa mimi."

"Tulichome sana, salfa itoke. Sijui litarudi kiasi gani."

Kulichoma kulitaka makaa. Mumbua aliinuka kuchukua kipande cha katoni cha kupepea, Ndolo akamnyang'anya. "Lete, Mama Kasyoka. Mimi ndiye nilisugua."

Alipepea uani mchana kutwa, huku Nzau akikwangua kutu kwenye mabati ya zamani na kuijaza kwenye pipa. Ndolo alikohoa, akahama upande, moshi ukamfuata.

"Hii ndiyo umekuwa ukivuta kila siku?"

"Tangu unioe," Mumbua alisema. "Ulidhani naimba?"

Jioni walirudisha bamba, Nzau akafungua gesi na kusubiri. Kisha akaweka kiganja karibu. Upande wa kushoto ulikuwa na joto zuri. Wa kulia ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Nusu ndiyo imerudi," alisema. "Ile nyingine sidhani."

Waliwaachilia vifaranga. Wakakimbilia kushoto, wakajazana mpaka nafasi ikaisha. Waliobaki walilia pembeni, wakijaribu kupanda migongo ya wenzao.

Mumbua aliwatazama. Akaanza kujifunga leso puani.

"Fungua hiyo leso," Ndolo alisema. Aliwakusanya waliobaki kwenye kikapu, akabeba jiko kwa mkono mwingine. "Hawa nitakaa nao mimi stoo. Wewe kaa hapa kwa hita."

Punde walimsikia akikohoa huko stoo. Nzau alikuwa anakusanya spana zake taratibu. Mumbua alisikiliza kidogo, akatoa kichwa mlangoni.

"Baba Kasyoka! Fungua dirisha!"