Kutoka Ng'ambo ya Meza

"Vuta!"

Nikavuta. Karatasi nyekundu ikateleza juu ya meza, na herufi iliyotoka kuandikwa ikanijia ikiwa bado mbichi, inang'aa, kichwa chini miguu juu. Baba akachovya brashi, akashusha pumzi, akaandika inayofuata. "Vuta!" Nikavuta tena.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika, na hakuna aliyekusudia kunifundisha. Kila mwaka ulipokaribia kuisha, baba alipeleka meza yetu kwenye gulio la Liuyan, na watu wakajazana kuandikiwa mistari ya heri ya kubandika milangoni: karatasi ndefu mbili, moja kulia moja kushoto, na fupi ya kulaza juu ya mlango. Mimi nilisimama ng'ambo yake tangu nikiwa na miaka saba. Mwandishi akimaliza herufi moja, mvutaji anaivuta karatasi upande wake, ili mkono wa mwandishi usihame pale ulipo. Ukivuta kwa pupa, wino unachirizika. Ukichelewa, unamkata mwenzio pumzi. Basi mvutaji hana la kufanya ila kunyamaza na kukodolea brashi macho, nami nilikodoa mpaka nikawa mwanamwali wa miaka ishirini.

Ukitazama kitu miaka yote hiyo, mkono unaanza kuwasha. Mama aliponipa unga nikande tambi, niliupapasa ubaoni ukawa bapa, nikachukua kijiti cha kulia na kuchora humo herufi za baba kama nilivyozijua, yaani kichwa chini. Nilizipenda mpaka moyo unanidunda. Mama akipita husimama, hupindisha shingo, husema, "Wewe Yinxia, unawaandikia panya waliomo chini ya meza?" Kisha hupitisha mti wa kusukumia juu ya unga, na kazi yangu yote inakwenda kuliwa.

Nisieleweke vibaya. Shuleni, kwa kalamu, niliandika sawasawa kama wenzangu. Lakini brashi ni bega, kiwiko na pumzi, na bega nililolijua mimi lilikuwa la mtu aliyenikabili.

Brashi yenyewe baba alimpa kaka yangu, Liansheng. Kaka aliandika kama kuku anayetafuta funza, akavumilia miaka michache, kisha akapata kazi ya kuendesha lori na kutimka bila kugeuka nyuma. Nilipoomba zamu yangu, baba alinijibu bila hasira, kama mtu anayeongea habari za mvua: "Mkono wa binti unaolewa. Nikufundishe wewe, ukapambe milango ya ukoo mwingine?" Akarudi kuosha brashi yake.

Sasa siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya gulio la mwisho la mwaka. Asubuhi yake baba aliteleza kwenye barafu ya kisimani na kuangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivimba kama mkate wa mvuke. Mama alimfunga mkono kwa skafu shingoni, akamwambia alale. Yeye akasema hawezi kuwaacha watu wasimame kwenye baridi bila habari. Atakwenda kuwaambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mwaka huu hakuna kuandika. Tukabeba meza na vifaa hata hivyo, kwa mazoea tu.

Umati ulikuwa umeshafika. Na mkabala wetu alikuwepo Hou, ambaye mwaka ule ndio alianza kuleta mistari iliyochapwa mjini, yenye rangi ya dhahabu na mapichapicha ya samaki. Hou alikuwa na mdomo usiojua kufungwa.

"Poleni jamani, Mzee Guo ameumia mkono!" alipaza sauti kabla baba hajasema neno. "Njooni huku! Karatasi zangu haziendi kisimani, haziteguki!"

"Hou, nyamaza," alisema Bibi Xue, ajuza wa mtaa wa juu ambaye kila mwaka alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Hizo zako zote zinafanana. Mimi sitaki mlango wangu uwe pacha wa mlango wa jirani."

"Bibi, wewe hata kusoma hujui!"

"Sijui, ndiyo. Mwaka juzi nilibandika karatasi ya zizi la nguruwe chumbani kwa mwanangu na mkewe. Lakini hata nguruwe wangu alijua kwamba ule ulikuwa mkono wa Guo."

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alisimama nyuma ya meza akiitazama karatasi nyekundu. Ndipo nikasikia sauti inasema, "Nitaandika mimi." Ilikuwa sauti yangu.

Mshenga alikuwa ameshakuja kwetu mara mbili majira yale. Mwaka unaofuata, siku kama ile, ningekuwa nimeshaolewa, niko kwenye ua wa watu wengine, nakanda unga wao. Nilijua wazi, kama ninavyojua jina langu, kwamba nisiposhika brashi siku ile sitaishika tena maishani.

Baba alinivuta pembeni kwa mkono wake mzima. "Ukiharibu, karatasi inakwenda kuwashia jiko, na wewe unarudi kuvuta. Na sitaki kulisikia tena jambo hili. Umekubali?"

"Nimekubali."

Nikakaa kwenye kiti chake. Ajabu ni kwamba kutoka pale meza yote ilikuwa ngeni kwangu. Jiwe la wino lilikuwa mkono usio wake, jua lilipiga jicho lisilo lake. Nikachovya, nikainua kiwiko kama alivyokuwa akikiinua, nikaandika herufi ya kwanza ya Bibi Xue. Mpigo wa kwanza ulitoka mnene, wa pili ukajikunja, wa tatu ukamkimbia wa pili.

Hou alikuwa ameshaacha kibanda chake kuja kuchungulia. "Hii ni herufi," akauliza, "au ni punda aliyekalia barafu?"

Safari hii walicheka wote, hata Bibi Xue aliyeficha mdomo kwa mkono wa koti. Baba akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia motoni kwenye jiko la mkaa tulilokuwa tukiotea. "Basi," alisema. "Kunja meza."

Uso uliniwaka. Nikainuka, na kwa kuwa sikujua niende wapi, miguu ilinipeleka pale ilipozoea, upande wa kuvutia. Nikasimama. Na nilipoitazama ile meza kutoka hapo, kila kitu kilirudi mahali pake. Jiwe, jua, ukingo wa karatasi. Nilihisi damu inanishuka mpaka kwenye vidole.

"Baba, kaa kwenye kiti chako."

"Kufanya nini?"

"Kaa tu. Bibi Xue, njoo usimame ubavuni kwangu, shika kichwa cha karatasi. Nikikwambia vuta, vuta."

"Mwanangu, huku si ndiko kwa kuvutia?"

"Ndiko. Shika."

Nilinyoosha mkono kuvuka ukingo wa karatasi, nikaiteremsha brashi kichwa chini, kama nilivyoijua herufi ile tangu utotoni. Na brashi ikaenda! Jamani, ilikwenda! Mpigo wa kulalia nikauburuta kutoka kulia kwenda kushoto, wa kushuka nikausukuma kwenda mbali, ncha ikajikusanya yenyewe ilipofika mwisho, ikanyanyuka. "Vuta!" Bibi Xue akavuta. Nyingine. "Vuta!" Sikuwa nafikiri. Nilikuwa kama mtu anayeteremka mlima kwa mbio, anayejua akisimama ataanguka.

Shingo zikarefuka. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Anaandika kinyumenyume," na mwingine, "Si kinyumenyume, ni kichwa chini, angalia, zote zinamtazama mzee wake." Wakaanza kusukumana. Muuza siki akapanda juu ya pipa lake.

Ni kweli, zote zilimtazama baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono shingoni, na herufi zilifunguka mbele yake moja baada ya nyingine, zimesimama wima, kama anayeandikiwa yeye peke yake. Sikuthubutu kumtazama usoni. Lakini nilisikia anazisoma. Alianza kwa kunong'ona, nadhani bila kujua, kisha sauti ikapanda, na kila alipotaja herufi watu walioizunguka meza waliitaja pamoja naye. Mwisho wa mstari wa pili walipiga ukelele mmoja ambao uliwashtua punda wa wasaga unga.

"Kwangu pia hivyo hivyo!" mtu akadai. "Kichwa chini!"

"Zote zinatoka sawa, mpumbavu wewe, ukishazibandika nani atajua?"

"Mimi nitajua!"

Tukaandika. Milango ya mbele, milango ya nyuma, maghala, mazizi, kisima, mkokoteni wa mtu aliyesema mkokoteni wake nao una haki. Baridi ilizidi, na katikati ya kazi brashi ikaanza kukwaruza. Wino ulikuwa unashika barafu kwenye jiwe. Dawa yake kila mwandishi wa kwetu anaijua, ni tone la pombe kali, na mimi sikubeba. Nikainua kichwa. Baba alikuwa ameshaingiza mkono mzima ndani ya koti na kutoa kichupa chake cha pombe ya mtama, kile anachokunywa mwenyewe siku za baridi na asichomwonjesha hata shemeji yake. Akang'oa kizibo kwa meno, akamimina kwenye jiwe, akakirudisha. Harufu ikapanda, wino ukalainika, nikaendelea.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nimeandika harusi na vilio, mabango ya maduka, hata jina la shule moja juu ya lango lake. Nimealikwa kwenye kumbi zenye mazulia. Lakini nikiulizwa lini nilikuwa na furaha ya kunitoa akili, nafikiria ile harufu ya pombe ya mtama na watu wanaokanyagana miguu kunitazama.

Gulio lilipovunjika, hakukubaki karatasi ila jozi moja, ile ambayo baba huiweka kila mwaka kwa ajili ya mlango wetu. Njiani nilikuwa naongea peke yangu kama kasuku, huyu alisema hivi, yule alifanya vile. Yeye alisema tu, "Angalia barafu."

Tulipofika, mama alikuwa anafunga maandazi ya nyama ya usiku wa mwaka mpya. Baba alisukuma unga pembeni, akalaza karatasi mezani. Kisha akanionyesha kiti. Upande wake.

"Huku."

"Baba, huko siwezi. Umeona asubuhi."

"Nimeona. Na nimekuona ukiwatumbuiza watu kutwa nzima. Nimefurahi, Yinxia. Ungenikuta na mikono miwili ningepiga makofi." Alizunguka meza akasimama mahali pangu, akashika kichwa cha karatasi kwa mkono wa kushoto. "Lakini upande huu niliosimama mimi sasa, umeandika ninavyoandika mimi. Kila mpigo wangu, umeuchukua mpaka na makosa yangu. Kaa hapo nione unavyoandika wewe."

Mama aliacha maandazi.

Nilikaa. Mstari nilikuwa nao kichwani tangu njiani: *Upepo wa mwaka mpya wafungua mlango bila kubisha.* Nikaandika herufi ya kwanza. Ilitoka imelalia upande, bega moja juu, kama mtu aliyebebeshwa ndoo moja. Nilitaka kulia. Nikapeleka brashi kuinyoosha kidogo tu pembeni, na baba akaufunika kwa kiganja ule ukingo wa karatasi.

"Usiirudie. Herufi haitiwi kiraka."

"Basi nianze upya. Tukate nyingine."

"Nyingine hakuna. Hii inakaa mlangoni mwaka mzima, utakuwa unapita chini yake kila siku. Endelea."

Nilikaa pale nikiisikiliza sufuria inachemka. Mwisho nikamwambia avute, naye akavuta taratibu, kwa mkono wa kushoto usiozoea, akiutazama wino usichirizike. Ya pili nayo ililala, ila kidogo. Ya tatu sijui ilitoka wapi. Haikuwa ya baba. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko aandikavyo yeye, na mguu wake mmoja ulikwenda mbali, ukatulia huko ulikopenda. Niliiangalia nikasahau kuchovya.

"Hii ndiyo," alisema baba polepole, akiwa ameinamisha kichwa ili aisome kutoka kule. "Ngoja. Loo. Kumbe kutoka huku zinaonekana hivi?"

Jioni ile alipaka mwenyewe uji wa unga na kubandika mwenyewe, akikataa kusaidiwa, skafu ikimning'inia shingoni.

Siku ya kwanza ya mwaka wageni walianza kuja mapema kututakia heri. Kwa kawaida baba huwasubiri ndani, juu ya kitanda cha matofali chenye moto chini, na bakuli la karanga pajani. Mwaka ule aliwasubiri nje, kwenye baridi inayokata masikio, na hakumruhusu mtu kuvuka kizingiti kabla hajasoma pande zote mbili. Hou naye alikuja, chupa chini ya kwapa. Akasoma, akarudi nyuma kidogo, akapindisha shingo.

"Mzee Guo, herufi hii ya juu imelalia upande."

"Imelala," alisema baba. "Ni ya kwanza ya Yinxia. Soma zinazofuata."

Hou akazisoma, kwa sauti, moja moja, na mdomo wake ule haukuongeza neno. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimejiziba kinywa kwa viganja viwili nisipige kelele.