Ukungu Mweupe Ndani ya Bomba

Saa sita mchana tanuru la maabara lingekabidhiwa kikundi kingine, na mimi sikuwa na waya hata moja. Profesa hakuzunguka mbuyu: nikikosa leo, nitafute utafiti mwingine. Miaka miwili yote, kwisha habari.

Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Unapasha moto unga wa oksidi ya zinki na kaboni ndani ya bomba mpaka utoe mvuke. Gesi inausukuma mvuke hadi kwenye kibao chenye vitone vya dhahabu. Vitone vinayeyuka, vinakunywa mvuke mpaka vinashiba, kisha chini ya kila kimoja inachipuka fuwele nyembamba inayokibeba juu. Ndiyo waya hiyo, ndogo isiyoonekana kwa macho. Kwangu, mara kumi na tisa, hakikuchipuka kitu.

Saa tano nilifungua bomba mara ya ishirini. Kibao cha katikati kilikuwa kitupu. Nikatukana kimoyomoyo, maana fundi wetu alikuwa pembeni, mtu mzima wa heshima zake. Tunamwita Sabuni kwa jinsi asivyovumilia uchafu. Alichomoa kile kipande anachokichomeka upande wa kutokea gesi ili kibao changu kisiteleze.

"Mzee wangu, hicho unakipeleka wapi?"

"Kwenye pipa, binti. Kila mara kinaota ukungu mweupe."

"Umekikata kwenye nini?"

"Kwenye mabaki ya vibao vyako. Vile vya dhahabu."

Nilimpokonya bila hata kuomba radhi. Kule mwishoni joto lilikuwa limepungua kiasi cha mvuke kutulia. Katikati, nilipong'ang'ania mimi na usomi wangu, palikuwa moto kupita kiasi.

Kwenye skrini ya hadubini ulitokea msitu wa waya zilizonyooka, kila moja na kitone kichwani. Nililia, wala sioni haya kusema. Sabuni alichungulia begani kwangu.

"Vipande vyote nilivyotupa vilikuwa hivi?"

"Vyote."

Akavuta kiti, akakaa.

Profesa aliingia na kile kikundi cha saa sita. Alitazama skrini kwa muda mrefu. "Ulijuaje pa kukiweka?"

Jibu la uongo lilinifika mdomoni, tamu kweli. Nikalimeza. "Sikujua. Aliyekiweka ni yeye."

Profesa akamgeukia Sabuni. "Kesho utaweza kukiweka palepale?"

"Nitaweza," alisema Sabuni. "Ila kusafisha, binti atafute mtu mwingine."