Shahidi wa Pili wa Mantoa

Mimi nimeisoma Biblia yote mara nne, mwanzo hadi mwisho, na kijijini kwetu hakuna mwanamke mwingine anayeweza kusema hivyo. Orodha za majina niliziruka. Kitabu cha Walawi nilikipita kama unavyopita boma lenye mbwa. Na ile mara ya nne miwani ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nilifunua kurasa tu. Lakini nilizifunua zote.

Ndiyo maana Mantoa alinijia mimi. Ni jirani yangu, mjane, na alikuwa mpishi wa pombe ya mtama. Bendera yake nyeupe ilionekana hadi ng'ambo ya mto, na wenye kiu wakajua pombe imeiva. Mwaka juzi dada yake alifariki akazikwa na blanketi lake tu. Hakuna koti jekundu la chama cha maombi, hakuna akina mama wa chama, wa kila Alhamisi, wa kumwimbia. Mantoa alitoka makaburini, akashusha bendera, mti wa bendera akauachia maharage yatambae. Alitaka koti. Alitaka siku yake azikwe nalo.

Koti hilo hulipati hivihivi. Unakalia benchi la nyuma mwaka mzima na zaidi, kisha unasimamishwa mbele, na baba yetu mwinjilisti, Ntate Ramakatsa, anakuuliza swali moja: kwa nini unaamini Kitabu hiki kimetoka kwa Mungu, si hadithi za watu? Majibu yamo kwenye daftari la chama, nasi huyakariri. Manabii walisema, yakatimia. Walioandika walikuwa wengi, wa nyakati mbalimbali, na ujumbe wao ni mmoja. Nakala za kale zimelinganishwa na za sasa, zikapatana.

Nilimfundisha wiki tatu.

"Nkhono, ni maneno mazuri, ila si yangu," aliniambia, akiniita bibi kama wote. "Nikisimama pale yatanikimbia."

"Basi sema lako."

"Lipi?"

"Mimi nitalijuaje lako, Mantoa? Nina kazi zangu."

Alhamisi ikafika. Koti lake lilikuwa limeshashonwa, limekunjwa mezani. Kando ya meza alikaa mama mwenyekiti wetu, Mme Malefetsane, kola nyeupe imenyooka kama karatasi. Ntate Ramakatsa akauliza swali lake.

"Ntate, mimi nimehudhuria mazishi mengi," akasema Mantoa, "maana mpika pombe huitwa kabla ya mchungaji. Kila mara inasomwa historia ya marehemu, na sijawahi kusikia mwizi akisomwa. Hata yule mzee aliyemaliza kondoo wa watu alisomwa kuwa ni mpenda mifugo."

Benchi la nyuma likacheka. Mme Malefetsane akaligeukia, likaacha.

"Kitabu hiki kinamsoma Nuhu amelewa, yuko uchi. Kinamsoma Daudi na mke wa mtu. Petro ni mkubwa wao, lakini kinamsoma anamkana Bwana wake mbele ya kijakazi, pale kwenye moto. Wangekuwa wanatunga, hayo wangeyaficha, kama sisi tunavyoficha. Mtu anayetoa aibu yake mwenyewe, mimi namwamini. Na kumlazimisha mwanadamu aandike hivyo, naona ni Mungu tu anaweza."

"Hilo halimo kwenye daftari," akasema Mme Malefetsane.

"Halimo," Ntate Ramakatsa akakubali, akaliandika.

"Na huyu bado anapika pombe," akaongeza Mme Malefetsane.

Mpika pombe havai koti, hiyo ndiyo sheria. Mantoa alilitazama koti pale mezani, halafu akatazama viatu vyake.

"Neno huthibitishwa na mashahidi wawili," akasema Ntate Ramakatsa. "Nani anajua kwamba ameacha?"

Nikasimama. "Mimi. Mwaka wa pili huu hapiki."

"Unajuaje ya ndani, Nkhono?"

"Naenda kwake kuazima chumvi."

Wakacheka, maana zamani chumvi yangu ilikuwa ikiisha kila Jumamosi, siku ya pombe. Lakini aliniandika.

"Wa pili?"

Hakuna aliyeinuka. Nani aseme mbele ya kola nyeupe kwamba anajua ndani ya nyumba ile? Mantoa angeweza kutaja majina hata kumi. Hakutaja hata moja. Wauza pombe ndivyo walivyo.

"Mwenyekiti, labda wewe?"

"Mimi, Ntate? Sijawahi kukanyaga pale. Hata mlango wake sijui unaangalia wapi." Angeishia hapo, angekuwa salama. Lakini koti lilikuwa bado mezani, naye hakutaka liinuliwe. "Ila chungu kile kikubwa kiko palepale nyuma ya mlango, kimefunikwa na sahani ya buluu yenye ufa. Aliyeacha kupika anaweka chungu cha nini?"

Kalamu ya Ntate Ramakatsa ikasimama.

"Nyuma ya mlango upi, Mme?"

Mme Malefetsane akaishika kola yake.

"Sahani uliinua mwenyewe?" akauliza Ntate, taratibu, kama anavyouliza wagonjwa. "Lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Ukakuta nini ndani?"

Akajibu kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu.

"Maharage."