Vafeli za Kumi na Tisa Julai

Mzee Gidioni alipika kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote mke wake hakuwahi kuonja chakula chake.

Watu wa kwao Machame hawakuona ajabu. Kazi yake ilikuwa mjini Moshi, kwa Mjerumani mmoja aliyefundisha ufundi wa mitambo, na huko alivaa aproni nyeupe na kulitawala jiko kama mwalimu mkali anavyolitawala darasa. Akirudi nyumbani mwisho wa mwezi, aproni ilibaki mjini kwenye msumari. Huku kihambani, kwenye shamba la ukoo, alikuwa mwenye nyumba. Alikaa kwenye kiti chake, akaletewa mtori wa ndizi, akala, akarudisha bakuli bila kusema kama chumvi imezidi au imepungua. Siku moja, watoto walipokuwa wadogo, mkewe Ndelilio alikuwa mgonjwa na moto ulikuwa umezimika. Gidioni alimwita shangazi yake kutoka ng'ambo ya mfereji aje kupika uji, naye akakaa nje akisoma gazeti.

Mjerumani aliporudi kwao, mwaka tisini na tatu, mke wake, Mama Anke, alimwachia Gidioni chuma cha kupikia vafeli. Ni vyuma viwili vizito vilivyounganishwa kwa bawaba, vyenye mikono mirefu. Unamimina unga wa maji katikati, unafunga, unaweka juu ya mkaa, na mkate unatoka mwembamba, una vishimo kama sega la nyuki. Gidioni alikifunga katika gunia, akakiweka chini ya kitanda. Kila mwezi alikitoa, akakipaka mafuta kisishike kutu, akakirudisha.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Mei, binti yao Priska, aliyekuwa akiuza mitumba Kiboriloni, alimfanyia mwanawe bethdei. Siku hizo, baada ya miaka ya uhaba, kila kitu kilikuwa kimerudi madukani, na bethdei nazo zikaja pamoja na sabuni za kunukia. Kulikuwa na keki yenye sukari ya rangi, soda kreti mbili, na redio kaseti iliyotikisa mabati. Wazee wawili walipokuwa wakipanda kilima kurudi nyumbani, Ndelilio alisimama kupumzika akasema:

"Mtoto wa miaka mitatu ana siku yake. Mimi nina wajukuu, na siku yangu siijui."

Neno hilo lilimkaa Gidioni. Alikwenda kwa mzee wa kanisa wakafungua kitabu cha ubatizo. Waliona jina la Ndelilio na maneno "alizaliwa mwaka wa nzige", basi. Ikabidi siku aichague yeye. Hakufikiri sana. Kumi na tisa Julai ilimjia yenyewe, kama namba ya sanduku la posta aliyoiandika maisha yote. Ilikuwa tarehe nzuri. Mikono yake iliijua kuwa ni tarehe ya vafeli.

Alitaka kitu kimoja tu: Ndelilio ale chakula kilichopikwa na mkono wake, aseme ni kitamu. Wageni kutoka Ulaya walisema. Balozi mmoja aliingia hadi jikoni kumpa mkono. Mke wake hakuwa amesema, na Gidioni alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Siku ilipofika, ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Ndelilio alitoka mapema kuchuma kahawa kwenye mibuni michache iliyosalia baada ya majirani wengi kung'oa yao na kupanda nyanya. Gidioni alivaa ile aproni ya mjini akaingia jikoni. Alitenga viini vya mayai na ute. Ute aliupiga kwa uma mpaka ukasimama kama povu la sabuni. Alichanganya viini, siagi, maziwa na unga wa ngano. Sukari aliitwanga kwenye kinu kidogo mpaka ikawa vumbi la kunyunyizia juu. Mezani alitandika kitambaa cheupe, akaweka maua ya njano ndani ya glasi na mshumaa mmoja mwekundu.

Gladys, mke wa kijana jirani, alikuja kuomba kaa la moto. Alipochungulia, akashika kiuno.

"Yesu wangu! Shikamoo, baba. Mama yuko hospitali?"

"Marahaba. Mama mzima. Chukua moto uende."

"Siendi. Miaka yote nasikia unapika, nikadhani ni hadithi kama za watu waliopigana vita. Kumbe baba unajua na kushika mwiko!"

"Huu si mwiko, ni uma. Na ukicheka povu linaanguka."

"Basi nifundishe, nimkomeshe mume wangu. Nitamwambia Mzee Gidioni mwenyewe kavaa aproni, wewe ni nani?"

Gidioni alikunja uso, lakini moyoni alifurahi. Alimruhusu akae kwenye kigoda. Ndelilio alipoingia na kikapu mgongoni, vafeli sita zilikuwa kwenye sahani, zimenyunyiziwa sukari kama umande, na mshumaa unawaka.

"Hodi nyumbani kwangu," Ndelilio alisema taratibu. "Kuna nini, Baba Jesse?"

"Kaa, Mama Jesse. Kaa hapo kwenye kiti changu. Leo ni bethdei yako."

Gladys alipiga vigelegele. Ndelilio alitua kikapu, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa. Alitazama maua, akatazama mshumaa. Kwa muda mfupi uso wake ulilainika, na Gidioni aliuona.

"Nani amekuambia ni leo?"

"Nimechagua mwenyewe. Kitabu cha kanisa hakina siku yako. Kumi na tisa Julai."

Uso ukakunjamana. Ndelilio akageuka.

"Gladys, mwanangu, nenda na moto wako kabla haujazimika."

Gladys alitazama huku na huku, akachota kaa, akatoka.

"Katika siku zote za mwaka," Ndelilio alisema, "umechagua hiyo."

"Ina ubaya gani?"

"Jesse alizaliwa lini?"

"Mwaka sitini na nane."

"Mwaka naujua. Nakuuliza siku."

Mtoto wao wa kwanza sasa alikuwa Mererani kwenye machimbo. Krismasi alikuja, lakini alilala kwa mjomba wake Yoramu, kaka yake Ndelilio.

"Ilikuwa... wakati wa baridi," alisema.

"Unaniita Mama Jesse asubuhi na jioni. Nami nakuita Baba Jesse. Jina lake unalitaja kuliko jina la Mungu, na siku yake huijui. Ni leo, Gidioni. Ametimiza ishirini na minane leo."

Hapo ndipo ilipomjia. Mlango wa jiko la mjini, Yoramu na baiskeli yake, suruali imejaa tope, na yeye Gidioni na bakuli la unga mkononi. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Anke, binti wa Mjerumani, na kila mwaka siku hiyo alipika vafeli.

"Nilikuwa kazini," alisema. "Unajua Wazungu walivyokuwa. Ruhusa haikuwa—"

"Usimsingizie yule mama. Yoramu alikuwa amesimama pale pale. Mama Anke alikuambia, nenda, Gidioni, nenda ukamwone mtoto wako. Wewe ukamjibu, wageni kwanza, Mama, vafeli bado. Ulidhani Yoramu ni kiziwi?"

Gidioni alikuwa amewaambia watu habari ya kunyimwa ruhusa kwa miaka mingi kiasi kwamba mwenyewe alikuwa ameiamini.

"Ulifika siku ya nne," Ndelilio aliendelea, sauti haikupanda. "Mbuzi wa mzazi alikuwa ameshachinjwa. Nani alimchinja? Kaka yangu. Nani alinikorogea mlaso, damu na maziwa na mafuta, nipate nguvu? Kaka yangu, na mimi nina mume. Wanawake walikuja kunitazama wakauliza, mwenye mbuzi yuko wapi? Nikasema, kazi imemfunga. Mpaka leo nasema hivyo hivyo, nikikufichia. Kumbe wewe siku yenyewe umeitunza vizuri. Umeitunza kwa ajili ya Anke."

Kulikuwa na neno moja la kusema, na Gidioni alilijua. Lakini alikuwa amezoea kusimama wima mbele ya watu walioketi mezani, na kilichomtoka kilikuwa kingine.

"Zinapoa," alisema. "Onja."

Ndelilio akapuliza mshumaa, akavuta sahani, akachukua vafeli moja. Aliila polepole, kipande kwa kipande, mgongo umenyooka, kama wageni wa mjini walivyokula. Aliimaliza yote, akafuta vidole kwenye kitambaa cheupe.

"Ni tamu," alisema. "Wale watu hawakukusifu bure."

Gidioni alisubiri.

"Asante, mpishi."

Aliinuka, akabeba kikapu chake. Mlangoni aligeuka, akatazama bakuli lililokuwa na unga nusu.

"Huo uliobaki usiumwage. Malizia kupika, watoto wa Gladys watakula. Mimi nakwenda kumenya kahawa."

Gidioni alisikia hatua zake zikielekea kwenye mashine ya kumenyea, kisha kahawa ikimwagwa. Mkaa ulikuwa bado mwekundu. Gidioni alisimama kidogo, mikono imening'inia. Halafu akakaza kamba ya aproni, akapaka chuma mafuta, akamimina, akafunga, akahesabu pumzi arobaini kama alivyozoea, akageuza.