Milango Kumi na Mmoja ya Isdori

Nyumba yetu ina vyumba vinne na milango kumi na mmoja. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekosea kuhesabu. Aliyekosea ni mume wangu, Isdori, akisaidiwa na fundi Oswaldi, mtu ambaye ukimwuliza jambo lolote hujibu, "Inawezekana."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yanakufa kama kuku wa mdondo. Shirika ambalo Isdori alikuwa mtunza stoo wake likavunjwa, na wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja achukue kitu cha ofisini kiwe kumbukumbu. Wenye akili walichukua meza, taipureta na baiskeli. Isdori alisubiri wamalize, kisha akarudi na mkokoteni mara nne kubeba milango, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

"Mninga mtupu, Luciana," aliniambia huku akiipapasa kama ng'ombe wa mahari. "Huu utatuzika sisi wote."

Watu wengine hujenga nyumba ndipo watafute milango. Sisi tulikuwa na milango inayotafuta nyumba, na Isdori akaijengea, pembeni ya mji wa Sumbawanga, upande wa barabara ya Matai. Mlango wa mbele umeandikwa MENEJA. Wa jikoni umeandikwa KESHIA na una kidirisha, ndiko ninakopitishia ugali. Wa chumba chetu cha kulala umeandikwa HAKUNA KAZI, na hayo niyaache. Sebuleni ipo mitano, kwa hiyo kabati halina ukuta wa kuegemea. Limesimama katikati ya chumba na wageni wanalizunguka.

Ubaya wenyewe ulikuwa kati ya vyumba vya kulala. Pale pana kijichumba cha ukubwa wa mkeka, na kila anayetoka kulala lazima apite humo. Milango mitatu imebanana humo. Ukitaka kufungua mmoja, sharti miwili iwe imefungwa, la sivyo inagongana. Ukuta wa nne, unaotazama shamba la mahindi, ulibaki mzima kwa sababu moja tu, milango ilimwishia Oswaldi.

Tuliishi hivyo, tukivimba mapaji ya uso, mpaka mama yangu alipokuja.

Mama anaitwa Bertilla, na alitoka Kaengesa mwezi wa sita akiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa anaona vivuli tu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali mjini kwa juma moja, na jina lake lilikuwa limeandikwa siku ya mwisho. Asipopasuliwa safari hii, hakuna aliyejua watarudi lini, na mama angezeekea gizani. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee aliyebaki. Nilikuwa tayari kufanya lolote ili afike siku ile.

Sasa, mama ni mtu wa mila. Kwake yeye, mkwe na mama mkwe hawakutani mlangoni. Wakikutana, mkwe anatoa kuku wa kuondoa aibu. Siku ya kwanza alitoka chumbani kwake, Isdori akatoka chetu, wakasimama pua kwa pua ndani ya kile kijichumba. Isdori alirudi kinyumenyume akagonga kisogo. Kuku wa kwanza akafungwa mguuni pa kitanda cha mama. Kesho yake asubuhi, kuku wa pili.

"Mama, si huoni?" nilimwambia. "Umemjuaje?"

"Kivuli kirefu kinachotetemeka ni cha nani mwingine humu? Sikiliza, mwanangu. Mara ya tatu ninarudi Kaengesa. Macho yakitaka kufa, yafe, lakini heshima nitakufa nayo."

"Basi ujifunike kanga usoni ukipita."

"Aibu haifunikwi kwa kanga."

Nilikasirika hadi nikamwaga uji. Nilimkasirikia mama, na mume, na milango yote kumi na mmoja kwa majina.

Isdori alikuwa na nia njema, nikubali. Kwanza alisema kila anayetaka kupita akohoe. Lakini nani asiyekohoa Sumbawanga mwezi wa sita? Upepo wa Ufipa wakati huo unaingia hadi kwenye uboho. Isdori alikohoa, mama naye akakohoa kwa kifua, Isdori akafikiri anamjibu apite, akaja mbio. Nikamdaka kwenye shati. Kisha akaandika ratiba, akaibandika mlangoni, akasahau kwamba anayemwandikia haoni.

Ndipo akamwita Oswaldi, akamweleza wazo lake la kamba. Kamba ya katani ingepita darini kwenye makapi, yale magurudumu ya kuvutia kamba, iunganishe milango yote. Mama akivuta wake ufunguke, mingine ijifunge yenyewe, Isdori abaki salama popote alipo.

"Inawezekana," akasema Oswaldi.

Na iliwezekana, siku tatu nzima! Mama alikuwa anavuta mlango wake na nyumba yote inaitikia: ta, ta, ta, ta. Kuku walikuwa wanapiga kelele, kabati linatikisika, na mimi jikoni nafungiwa mara kumi kwa siku, lakini hakuna aliyekutana na mtu.

Siku ya hospitali Isdori alitoka nje mapema, akaenda kusimama karibu na banda ili kupisha. Nilimshika mama mkono, tukaingia kijichumbani. Upepo ukapuliza. Kamba ikaruka kwenye kapi, ikajifunga fundo juu huko, na milango yote kumi na mmoja ikabana kwa pamoja. Nilivuta, nikasukuma, nikapiga teke. Mninga haujui teke.

"Isdori!" nikapiga kelele. "Tumekwama!"

Alikuja upande wa pili wa ukuta. Oswaldi alikuwa ameenda kazini Kaoze, majirani wote mashambani wanavuna ulezi. Kulikuwa na yeye tu.

"Naweza kupitia dirisha la sebuleni," akasema, "niukate mlango kwa shoka kwa ndani. Lakini nitatokea mbele yake. Mwulize mama."

Sikuhitaji kumwuliza, alikuwa amesikia. "Mwambie akifungua, ninashika njia ya Kaengesa."

"Mama, madaktari wanaondoka leo!"

"Nimesikia, Luciana. Mimi macho ndiyo mabovu."

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira nikiwa nimemshika mama asiyetaka kusogea, ndani ya chumba ambacho hata kukaa chini hatukuweza wote wawili. Nje nikasikia hatua za Isdori zikienda. Nikafikiri Isdori amekata tamaa.

Kisha nikasikia mtaimbo ukigonga ukuta.

Ule ulikuwa ukuta wake anaoupenda. Aliupiga lipu kwa mkono wake mwenyewe, na wageni walikuwa wanaletwa kuutazama, kwa kuwa ndio pekee unaoonekana. Huo ndio aliokuwa anaubomoa. Vumbi likatujaa, tofali zikaanza kulegea, mwanga ukapenya kidogo kama kwenye kichujio. Halafu akaacha.

"Mama Felisian," akaniita kwa jina la mwanetu, akihema. "Zilizobaki zimelegea. Mwambie mama azisukume mwenyewe. Mimi nakwenda." Nikasikia miguu ikikimbia.

Mama alifikiri. "Tundu ni mlango?" akaniuliza.

"Lina bawaba? Lina kitasa?" nikamjibu.

"Basi si mlango," akasema, akaweka viganja vyake viwili ukutani na kusukuma. Tofali zikaangukia mahindi. Akatoka akiwa ameinama, vumbi kichwani, nami nikamfuata. Tulifika hospitali jina lake likiwa limebaki la mwisho.

Siku ya nne bandeji zilitolewa, nikamrudisha nyumbani. Tulipokaribia kwa upande wa shamba, tulimkuta Isdori kwenye lile tundu. Alikuwa ameung'oa mlango wa MENEJA ili auweke pale, kwa maana mtu akipenda ugonjwa haponi. Alipotuona aliuangusha, akageuka, akakimbilia nyuma ya banda akichechemea, kofia ikamdondoka.

Mama alisimama. Alimtazama mpaka alipopotea, na katika miaka kumi na tisa ya kukwepana sidhani kama aliwahi kumtazama hivyo.

"Yule mwenye mvi ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, mama."

"Kumbe amezeeka. Na mguu una nini?"

"Tofali lilimwangukia siku ile."

Akafuta macho yake mapya kwa ncha ya kanga, polepole, kama alivyoelekezwa.

"Nenda ukamwambie," akasema, "asiweke mlango hapa. Na asinikimbie tena na mguu huo. Atembee tu. Mimi sasa naona, nitageuka mimi."

Nikaenda nyuma ya banda kumwambia, nikilia kama mjinga.