Sarafu Nzima kwa Ajili ya Mialy

Tarehe 26 Juni 2010, mjini Antsirabe, nyanda za juu. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kung'ata. Umande uliganda juu ya majani ya karoti, na bendera za miaka hamsini ya Uhuru zilining'inia milangoni bila upepo.

Voahangy hakuwa na habari na bendera. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kaka yake, Ralaivao, aliyesimama katikati ya sebule na bakuli la maji. Wakwe walikuwa wameshaketi. Mialy, binti wa Voahangy, na mchumba wake walipiga magoti mkekani wakingoja kunyunyiziwa baraka. Na ndani ya maji ya baraka hulazwa sarafu ya fedha iliyo nzima, isiyokatwa wala kutobolewa, ili ndoa nayo isikatike. Ya ukoo wao ilikuwa ya kale, na mtunzaji wake alikuwa Ralaivao.

Sarafu ikatumbukia. Voahangy akaona inameta kupita kiasi. Akainama. Kichwa cha ng'ombe, na chini yake: miaka 50.

Ya kale iko wapi? Mwezi uliopita tu kaka alikuwa ameezeka nyumba yake kwa vigae vipya. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, nisije nikamsingizia. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Kaka, hiyo si ya babu."

"Ni fedha. Ya Uhuru. Niache nibariki."

"Ya babu umeipeleka wapi? Juu ya paa?"

Shangazi wa bwana harusi akakohoa. "Jamani, tumefuata mke au tumekuja mahakamani?"

"Vigae kaninunulia mwanangu aliye mjini Toamasina," alisema Ralaivao. "Mpigie umuulize."

"Basi tuonyeshe ya kale. Huyu ndiye mwanangu wa pekee. Habarikiwi kwa kiinimacho."

Ralaivao akatoa kitambaa mfukoni mwa koti, akafungua fundo. Sarafu ya kale ilikuwamo, nyeusi, na robo yake haipo.

"Baba aliikata mwaka wa njaa. Mimi nilikuwa mahututi. Hiyo robo aliipeleka kwa sonara, akarudi na mchele. Aliniapisha nisiseme. Miaka yote nimekuwa nikiziba pengo kwa kidole."

"Hata siku ya ndoa yangu?"

"Hata siku yako."

Mume wa Voahangy alifariki kabla Mialy hajaanza kutembea. Kila mtu pale sebuleni alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

"Ukaniona nimepiga magoti, ukanyamaza?"

"Kama ni sarafu iliyomuua mumeo au siyo, Mungu ndiye ajuaye. Ila kwa Mialy niliogopa. Ndiyo maana nikanunua hii."

Voahangy hakujua aamini lipi. Alitia mkono majini, akaitoa sarafu mpya, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake wote, kisha akampa baba wa bwana harusi. Mzee akaipima kiganjani.

"Nzima," alisema.

"Ahidi, kaka," alisema Voahangy. "Wakwe wasikie."

Ralaivao akavua kofia. "Mbele yenu nyote: kuanzia leo, hakuna mtoto wa ukoo huu atakayebarikiwa kabla hajaishika sarafu kwa mkono wake na kuigeuza pande zote mbili. Nikificha tena kitu, maji yangu msiyapokee."