Chupa Kumi na Mbili za Mwalimu Nickson

Mwalimu Nickson Mgaya alikuwa na viti viwili vya plastiki, na kimoja hakikuwahi kukaliwa na mtu. Alivinunua vyote siku aliporipoti kazini Kasulu, akitokea Njombe, miaka mitatu iliyopita, kwa imani kwamba mwanamume mwenye ajira ya serikali hawezi kukosa wageni. Kumbe anaweza. Kiti cha pili akawa anakianikia soksi.

Usije ukadhani alikuwa mtu mbaya. Alifundisha kemia wanafunzi wakaelewa, alisalimia kila aliyepita, na michango ya misiba alikuwa wa kwanza kutoa. Ila ikifika saa kumi na moja jioni aliingia ndani, akafunga mlango, akapika, akala, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Ni pale kwenye kuosha ndipo upweke ulipomjia. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: Jumamosi moja watu wakae uani kwake, wapige soga mpaka wasahau kuondoka.

Mwezi wa saba akaona kwenye simu video ya jamaa anayepika bia nyumbani kwa nafaka tupu, hakuna sukari, hakuna maji ya ndizi. Mwishoni rafiki zake wanakuja, wanagonganisha bilauri, wanacheka. Nickson aliirudia sehemu hiyo ya mwisho mara nne, kisha akachukua daftari jipya la kaunta.

Mipango ndiyo aliijua huyu bwana. Video ilisema shayiri; Kasulu hakuna shayiri, akaandika mtama mwekundu, akamwagiza Longinus, mwalimu wa jiografia, amletee kutoka kwao Kasanda. Maua machungu ya Ulaya, ambayo video iliyataja, akayakata kwa mstari wa rula. Kuloweka, siku moja. Kuotesha chini ya majani ya mgomba, siku tatu. Kuanika, kusaga. Kisha kimea kikae kwenye maji ya nyuzi sitini na tano kwa saa nzima, sufuria likiwa limefungwa blanketi, na blanketi lenyewe ni lile lake la kulalia, maana hakuwa na jingine. Kurasa kumi na moja ziliandikwa zikajaa, na jina la mtu halikuwemo hata kwenye moja. Watu alikuwa amewaachia mwishoni, kama video ilivyofanya.

Mtama ulipokuwa juani, jirani yake Ernesta alichungulia juu ya ua wa minyaa. Alikuwa mjane, muuza mboga, na mlokole wa kutangulia kanisani kabla ya mchungaji.

“Mwakeye, mwalimu,” alisalimia kwa Kiha. “Hicho si kimea?”

“Ndicho, mama. Nataka kupika pombe.”

“Ego,” aliitikia Ernesta. “Kuna sherehe?”

“Hapana. Ya kunywa tu.”

“Na akina nani?”

Nickson akacheka. Akasema hiyo ni siri, watu watashtukia tu mambo yako tayari. Ernesta alimtazama kidogo, akarudi kwenye mchicha wake.

Ilimchukua siku kumi na tatu. Pombe ikachacha vizuri kwenye ndoo, ikatoa harufu ya mkate. Aliionja jikoni, peke yake, akafurahi mpaka akapiga meza kofi. Akaijaza kwenye chupa za soda alizozichemsha, akazikaza vifuniko, akabandika karatasi zenye tarehe kwa mwandiko wake wa ubaoni. Jumatano alizunguka na kikapu nyumba kumi na mbili, chupa moja kila mlango. “Nimeitengeneza mwenyewe,” aliwaambia. “Onjeni. Jumamosi saa nane mje kwangu, zipo nyingine.” Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru sana.

Alhamisi akapita kwa Longinus. Chupa ilikuwa dirishani, imejaa. Ijumaa, kwa Makarius wa stoo ya shule, chupa ilikuwa juu ya kabati, imejaa, karatasi haijakunjika hata ncha. Kwenye ofisi ya walimu hakuna aliyeitaja. Nickson alijiambia kwamba wanaitunzia wikendi.

Jumamosi akaazima mabenchi mawili, akafagia uwanja, akaondoa soksi kwenye kiti. Saa nane ikafika. Saa tisa. Akaingia ndani kuangalia simu kama inashika mtandao, ikawa inashika. Saa kumi alikaa kwenye kiti chake akiangalia yale mabenchi, na aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyejipamba kwa ajili ya safari isiyokuwepo. Alitamani afunge mlango na asiufungue tena mpaka uhamisho utoke.

Ernesta akaingia uani. Mkononi ana chupa yake, imejaa.

“Mwalimu, nimekuja kukurudishia. Mimi nimeokoka, nisingekunywa. Lakini na wenzangu hawajanywa.”

“Ni mbaya?”

“Wataijuaje, nao hawajaifungua? Hebu nikuulize. Umewahi kuona mtu huku anagawa pombe ambayo hajainywa mbele za watu? Mwenye pombe ndiye anayetangulia. Anavuta kwa mrija, wanamwona anameza, ndipo wenzake wanavuta. Wewe umeleta kitu kimefungwa, ukatoa mkono, ukaondoka.”

“Wanadhani nimeweka sumu?”

“Hakuna aliyesema sumu. Wanasema hawajui.”

“Lakini mama, mimi niliionja. Jikoni.”

“Nani alikuona?” Ernesta akaiweka chupa juu ya benchi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilimuuma zaidi Nickson. “Miaka mitatu, mwalimu. Kwenye misiba unatoa mchango, unaondoka kabla ya chakula. Hatujakuona unakula. Hatujakuona unameza hata maji.”

Nickson akaihesabu misiba kichwani, akitafuta hata mmoja aliokaa mpaka chakula. Siku zote aliondoka mapema ili asiwasumbue. Alidhani ndiyo heshima.

Ernesta akaenda kwake, akarudi na chungu na mirija ya marehemu mumewe, ambavyo wokovu wote ule haukumfanya avitupe. Nickson akafungua chupa nane alizokuwa amezibakiza kwa ajili ya wageni, akazimimina chunguni. Kisha akabeba chungu mpaka nje ya ua, kando ya njia ya kwenda bombani, akaleta kiti chake, akakaa. Akachukua mrija na kuvuta.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa na uchachu kidogo na ladha ya nafaka iliyokaangwa, na machozi yalimtoka kwa jinsi ilivyokuwa tamu na jinsi alivyokuwa peke yake nayo. Wanawake wawili wakapita na ndoo, wakamsalimia, wakaendelea. Longinus akapita na baiskeli, akapunguza mwendo.

“Ndiyo ile?”

“Ndiyo ile,” alisema Nickson, akavuta tena, akameza.

Longinus alimtazama koo. “Ngoja nipeleke baiskeli,” akasema, akaenda. Huenda angerudi, huenda asingerudi; nyumba yake haikuwa mbali.

Ndipo Ernesta akatoka uani amebeba kile kiti cha pili. Akakiweka upande wa pili wa chungu, akaketi, akakusanya kanga yake magotini. Akachagua mrija, akauchomeka kwenye pombe, akaushika kwa vidole viwili na kuugusisha mdomoni. Hakuvuta.

“Mama, wewe si umeokoka?”

“Sinywi,” alisema Ernesta, macho yake yakiwa njiani. “Lakini wakiona mrija mmoja, watapita. Wakiona miwili, wataulizana. Kunywa, mwalimu. Kunywa wakuone.”